Picha ya Karibu ya Mama Yotham

Vikaratasi vilikunjwa, vikatiwa kwenye kofia ya Respicius, na Mwalimu Bupe akaitikisa kofia ile kama anayepepeta mchele. Kila mwanafunzi wa kozi ya video pale Makole alitakiwa kuchota kimoja, na jina atakalolikuta humo ndilo la mtu atakayempiga picha. Meshack akachota chake, akakifungua kwa kidole gumba, akasoma: Mfinyanzi, Mvumi, Mama Yotham. Akakikunja tena upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwenyewe yumo ndani.

Mama Yotham alikuwa mama mkwe wake.

Kwa wengine hilo si neno. Wapo watu siku hizi wanaokaa na mama wakwe zao sebuleni, wanakula sahani moja, na hata kubishana habari za mpira. Basi na wakae. Meshack alikuwa Mgogo aliyeoa nyumba ya Kigogo iliyoshika mambo yake, na ingawa nyumba hiyo haikukosa kanisani Jumapili hata moja, mama mkwe alikuwa mama mkwe. Humtazami usoni. Humwiti jina, naye hakuiti lako. Akija njia hii, wewe unashika ile, hata kama ile ina miiba. Tangu amuoe Penina, Meshack alimjua mama yake kwa kanga zake, kwa mwendo wake na kwa kikohozi chake. Uso wake hakuujua. Siku ya ndoa yenyewe alitazama sakafu ya kanisa mpaka akaweza kukuhesabia nyufa zake.

Na zoezi lenyewe lilikuwa la kutazama. Mtu mmoja akiwa kazini kwake, apigwe kwa zile picha za msingi walizokuwa wakijifunza tangu kozi ianze. Kwanza picha ya mbali, mtu na mahali alipo. Halafu picha ya kati, kuanzia kiunoni. Halafu picha ya karibu, uso peke yake umejaa kiooni, ambayo wanafunzi waliiita klozapu kwa mbwembwe. Kamera ikae chini itazame juu, ikae juu itazame chini, na ile ya karibu lazima iwe usawa wa macho. Kitufe cha kuvuta picha kutoka mbali kilikuwa marufuku. Mwalimu Bupe alikibandika plasta ya kidonda.

"Ukitaka kumfikia mtu, miguu unayo," alikuwa akisema. "Atakayemvuta mtu kwa kitufe hajafika kwake."

Kamera ilikuwa moja, kubwa, ya kubeba begani, ya zile zinazomeza kanda nzima ya VHS. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko kamera, kwa hiyo mwalimu alikwisha sema wazi: atakayeleta zoezi pungufu atahamia kwenye taa na nyaya, na kamera ataisikia kwa wenzake. Meshack hakutaka nyaya. Alikuwa amepiga picha za vitambulisho sokoni mpaka akachoka kuwaambia watu wafunge midomo. Televisheni ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia Bara, na mjini kila mtu alisema vijana wa kamera watatafutwa kwa tochi. Lakini si hilo tu. Siku ya kwanza alipoweka jicho lake kwenye kile kijidirisha cha kamera na kuuona uwanja wa Makole umetulia ndani yake, mweusi na mweupe, mdogo kama kiberiti, alihisi kitu kifuani ambacho hakukipata hata siku alipokubaliwa posa. Hilo hakumwambia Penina.

Alijaribu kujinasua. Respicius alikuwa amechota wavuvi wa Mtera.

"Tubadilishane," Meshack akamnong'oneza.

"Nikupe samaki wa Mtera unipe vyungu?" Respicius akamjibu. "Mimi Mhaya, kaka. Panaponuka samaki ndipo nilipo."

Mwalimu Bupe alisikia. "Hakuna kubadilishana. Kamera haichagui."

Hapo ndipo Meshack angesema ukweli, akanyamaza. Mwalimu Bupe alikuwa mwanamke wa Tukuyu aliyewahi kuzunguka nchi nzima na gari la sinema, akifunga shuka jeupe ukutani na kuwasha jenereta vijiji ambavyo havijawahi kuona taa. Alivaa suruali. Aliweza kufungua kamera, kuipuliza vumbi na kuifunga tena huku anazungumza jambo lingine. Meshack alimstahi kupita kiasi, na hakutaka mtu anayemstahi kiasi hicho amcheke kwa mambo ya ukwe.

Jioni alimwambia Penina. Penina alicheka mpaka akakaa chini na mtoto mgongoni.

"Utampigaje picha mama?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Nitakwenda na wewe," akasema Penina, akajifuta machozi. "La sivyo mtakaa pale mpaka mvua inyeshe, na mwaka huu wenyewe hainyeshi."

Wakaenda kijijini Mvumi kwa gari la kanisa lililokuwa linapeleka mabati, Meshack amepakata kamera, Penina amempakata binti yao Emilia. Mtoto alikuwa na kishimo shavuni, upande wa kushoto tu, kilichojitokeza kila akicheka. Meshack alikuwa na kawaida ya kuwaambia watu kwamba kile kishimo ni cha kwao, cha shangazi yake mmoja. Penina alikuwa na kawaida ya kusikiliza maneno hayo na kutabasamu bila kujibu.

Mama Yotham alikuwa amekaa kivulini nyuma ya nyumba, miguu ameinyosha, udongo mbele yake. Aliposikia sauti ya mkwe wake nje ya ua, alivuta kanga ikafunika kichwa na paji la uso.

"Mbukwenyi," Meshack akaamkia kwa Kigogo, mgongo ameuelekeza uani, kisha akamgeukia mkewe. "Mwambie mama shikamoo."

"Mama, anasema shikamoo."

"Marahaba. Mwulize mwenzio, hilo dude begani linauma?"

"Anauliza linauma?"

"Mwambie haliumi."

Palikuwa na hatua chache tu kati yao, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Lakini maneno yalipita kwa Penina, kwenda na kurudi, naye aliyapitisha kwa uso mkavu kama karani wa mahakama.

Basi Meshack akaanza kazi. Alianza na picha ya mbali, na alikwenda mbali kweli, mpaka kwenye boma la ng'ombe. Kutoka kule mama alionekana duara moja la kanga chini ya ukuta mwekundu. Picha ya kati aliichukua kutoka mgongoni. Kamera juu aliipata kwa kupanda kichuguu, akipiga kilele cha kanga na mikono inayofanya kazi chini yake. Kamera chini aliilaza kwenye vumbi nyuma ya vyungu vilivyokauka, vyungu vikasimama vikubwa mbele, na katikati yake vikaonekana vidole.

Vile vidole ndivyo vilivyomshika. Meshack alikuwa amekula mlenda uliopikwa kwenye vyungu vya mama huyu, alikuwa amekunywa maji ya mtungi wake, na hakuwahi kufikiri vinatokaje. Sasa aliona. Mama alichukua donge, akalitoboa katikati kwa ngumi, akaanza kulizungusha kwa kiganja kimoja huku kingine kikipandisha ukuta kutoka ndani. Hakuwa na gurudumu wala kipimo. Kipande cha kibuyu kilikwangua nje, jiwe dogo la mtoni likapita likilainisha, na mdomo wa chungu ukafunguka mviringo, sawasawa, bila yeye kuonekana ana haraka. Meshack akasahau kwamba ana zoezi. Alibaki amelala kifudifudi, jicho moja limefumbwa, akiitazama mikono ile mpaka betri ikaanza kupiga kelele.

Picha ya karibu haikupatikana. Kila alipojaribu kuzunguka mbele, kanga ilishuka. Kila kanga ilipopanda, yeye alitazama pembeni. Gari la kanisa likapiga honi.

Siku ya kuonyeshana kazi, darasa zima lilikaa mbele ya televisheni ya mwalimu. Wavuvi wa Respicius walikuja wamekatwa vichwa, maana alisahau kuacha nafasi juu, na watu wakamcheka mpaka naye akacheka. Kisha ikaja kanda ya Meshack. Kuanzia ilipofika mikono, hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma alisema taratibu, "Lo, angalia." Kanda ikaisha, kioo kikajaa chengachenga.

"Mikono nimeiona," akasema Mwalimu Bupe. "Sijawahi kuona mwanafunzi akiipiga mikono hivi. Mwenye mikono yuko wapi?"

Meshack akainamisha kichwa.

"Uso, Meshack. Uso uko wapi?"

"Mwalimu, yule ni mama mkwe wangu."

Respicius alipiga mluzi. Wawili watatu wakaangua kicheko. Meshack alingoja mwalimu naye acheke, amalize, ampeleke kwenye nyaya. Mwalimu Bupe hakucheka. Alizima televisheni, akakaa juu ya meza.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliona aibu."

"Ya nini? Kwetu mke na baba mkwe hawaonani kabisa. Mimi nilikuwa nikisikia kikohozi cha baba mkwe wangu njiani, najitupa kwenye migomba na suruali yangu hii hii. Mnacheka nini? Nilifanya hivyo tangu nilipoolewa. Mzee alikuwa mtu mwema sana. Siku zile za gari la sinema, watu wa kwetu walisema mke gani huyu wa kulala njiani na madereva. Yeye alituma neno kwamba mkwe wake aachwe afanye kazi yake. Hakuna aliyethubutu tena. Alipofariki mwaka juzi, ndugu wakanijia: wewe ndiye mwenye kamera, tupe picha ya mzee tuweke juu ya jeneza. Nilikuwa nimepiga picha nusu ya nchi hii. Ya mzee sikuwa nayo hata moja. Sura yake sijui mpaka leo."

Meshack akadhani amesamehewa.

"Kwa hiyo nakuelewa kuliko hawa wote," mwalimu akaendelea. "Lakini picha ya karibu haipo, na bila picha ya karibu zoezi ni pungufu. Jumamosi kamera haina mtu. Nenda. Heshima yako usiivunje, na picha uniletee. Vyote viwili vinapatana vipi, hilo sijui. Mimi nilishindwa."

Meshack alitoka pale amechanganyikiwa. Angekaripiwa angekasirika, na mtu aliyekasirika hupata nguvu. Sasa alibeba zoezi lake na la mwalimu.

Jumamosi Mama Yotham alisikiliza habari yote kupitia kwa Penina, mikono ikiendelea na udongo. Uani palijaa vyungu vibichi, vya kuchomwa wiki ijayo, na kikubwa kuliko vyote, chenye mdomo mpana, kilikuwa kimetoka mikononi mwake asubuhi ile.

"Mwulize mwenzio," akasema mwishoni. "Akichungulia kwenye lile tundu, ananiona mimi?"

"Mwambie mama, ndani ni picha tu. Ndogo, haina rangi."

"Ndogo kiasi gani?"

"Kama ukucha."

Mama akafikiri. "Basi atazame huo ukucha. Mimi asinitazame. Na mimi nitatazama kile kioo cha mbele, yeye sitamtazama. Kama ni hivyo, nani kamwona nani?"

Penina alimgeukia mumewe, na safari hii uso mkavu ulimshinda. "Umesikia?"

Alikuwa amesikia. Akapiga magoti pale mlangoni mwa ua, kwa sababu mama alikuwa amekaa chini na usawa wa macho ulikuwa kule chini. Akaweka jicho kwenye kijidirisha, akafumba la pili, akawasha. Ndani ya kile kiberiti mama aliinua mkono wenye udongo, akaisukuma kanga nyuma mpaka utosini, akarudi kwenye kazi yake.

Meshack akaanza kwenda kwa magoti. Jicho hakulitoa, maana akilitoa tu atakuwa mkwe anayemkodolea macho mama mkwe wake mchana kweupe. Uso ulikuwa bado mdogo na umeinama. Akasogea. Ukakua. Akaona shavu, akaona mikunjo iliyotoka pembeni mwa jicho ikashuka. Akabana pumzi kama alivyofundishwa. Akasogea tena. Mtu mwenye jicho moja ndani ya tundu haoni chini, na goti lake la kulia likaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa kile chungu kikubwa cha asubuhi. Udongo ulilalamika kidogo, ukabonyea, ukalishika goti.

Penina alisema, "Mungu wangu," akashika mdomo.

Meshack aliganda. Kuvuta goti ni kukichana chungu, na kuliacha ni kukikalia. Kutazama chini hawezi, kutazama mbele haruhusiwi, na kamera bado inazunguka. Ndani ya kijidirisha aliuona uso wa mama ukigeuka upesi kuelekea kwenye chungu.

"Meshack, usiondoe goti."

Neno hilo halikupita kwa Penina. Lilimjia moja kwa moja, sauti ya chini, tulivu, ya mtu anayeokoa kazi yake. Na mama mwenyewe akalifuata, akijivuta kwa makalio juu ya vumbi mpaka akafika mbele yake, akainamia goti lake na mikono yote miwili. Vidole vikazunguka, vikalegeza udongo, upande huu, upande ule, bila haraka. Halafu akainua kichwa kuangalia kama goti litapita, na uso wake ukawa mbele ya lenzi, shubiri moja tu, usawa wa macho, umejaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Akamwona mkwe wake alivyo: mtu mzima aliyekwama chunguni, dude begani, jicho moja limefumbwa kwa nguvu kama anakunywa dawa. Mama Yotham akacheka. Alicheka uso mzima, pengo la mbele likaonekana, udongo umemkauka kwenye paji, na shavuni mwake, upande wa kushoto tu, kikazama kishimo.

Meshack alisahau magoti, akasahau zoezi. Kumbe ni huku. Kile kitu alichokuwa akikibusu kila asubuhi kabla ya kutoka, akakiringia kwa watu kwamba ni cha kwao, kilikuwa hapa muda wote, nyuma ya kanga. Alimpenda mama huyu hapo hapo, kwa nguvu iliyomshangaza, na hakuwa na njia ya kumwambia ila kuishika kamera isitikisike. Akaishika.

Goti likatoka. Mama akakizungusha chungu mara mbili, ukuta ukasimama tena. Ndipo akakumbuka alichokisema. Kanga ikashuka mpaka kwenye nyusi.

"Mwambie mwenzio," akamwambia Penina, "atazame anapotembea."

"Anasema utazame unapotembea."

"Mwambie mama nimesikia."

Jumatatu darasa liliitazama kanda ile bila kupumua. Uso ulipojaa kwenye kioo na kucheka, Respicius naye akacheka, kisha akajikuta anafuta macho, akasingizia vumbi. Mwalimu Bupe alikuwa amesimama karibu kabisa na televisheni, mikono nyuma. Picha ilipokwisha alimgeukia Meshack.

"Nilisema usogee wewe," akasema. "Hapa aliyesogea ni nani?"

"Yeye, Mwalimu."

"Ndiyo." Akashusha pumzi. "Kamera utaendelea nayo."

Wenzake wakampiga mabegani. Meshack hakugeuka, bado alikuwa anakitazama kioo.

"Naomba turudishe nyuma kidogo," akasema.

"Zoezi umeshapita, unataka nini tena?" Respicius akamwuliza.

"Sauti."

Mwalimu Bupe akairudisha kanda mpaka pale goti linapozama, akaongeza sauti. Mama Yotham akageuka upesi kwenye kioo, mdomo ukafunguka, akamwita mkwe wake kwa jina lake. Meshack alisikiliza ameinamisha kichwa. Safari ya pili hakuhitaji kuomba, kwani mwalimu mwenyewe alikwisha kuirudisha tena.